Kupaka rangi juu ya karo (vigae) za bafu: tupeane uzoefu, waliofaulu na walioharibu

Mama Nguba

Jambo ndugu zangu. Kila wiki kuna mtu ananipigia simu kuhusu bafu langu, na kwa simu mambo haya hayaelezeki vizuri. Acha niyaandike hapa, na ninyi mlete yenu.

Nyumba yetu ya hapa Nguba, Bukavu, aliijenga marehemu mume wangu mwaka 1986. Bafu akaliwekea karo za rangi ya kahawia zenye maua ya manjano, ndizo zilikuwa fasheni ya wakati ule. Miaka ikapita, maua yakafifia, mistari ya simenti ikawa myeusi kwa ukungu. Hata ungesugua asubuhi na jioni, mgeni akiingia anaona kama hatufanyi usafi. Wakwe walipotangaza kuja kwa mahari ya binti yetu, nikaita fundi wa karo. Akapima, akapiga hesabu: kubomoa za zamani, kubeba uchafu, kusawazisha ukuta, karo mpya, gundi, mikono yake. Dola 620. Na bafu lenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili! Sikuwa nazo.

Mdogo wangu anayekaa ng'ambo, Kamembe upande wa Rwanda, ndiye aliyeniambia kuna rangi inayokubali kukaa juu ya karo, ile ya makopo mawili, epoksi. Akaninunulia. Pamoja na rangi ya chini ya kushikilia, msasa, rulo na kijana wa kunisaidia, nilitumia dola 78.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Rangi yenyewe ilichukua siku mbili. Kabla yake nilifanya kazi siku tano. Siku ya kwanza niliosha karo zote kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikaona zimetakata. Halafu nikapitisha ukucha juu ya karo moja karibu na bomba. Ukucha ukajaa kitu cheupe, kizito, kama samli iliyoganda. Ilikuwa ni sabuni yetu ya miaka yote hiyo, imelala pale na chokaa ya maji juu yake. Nikarudia kwa siki na brashi ngumu, nikasuuza mara tatu. Ile silikoni ya zamani kwenye pembe nikaikata yote kwa wembe, maana juu ya silikoni rangi haishiki kabisa. Mistari iliyomomonyoka nikaijaza simenti nyeupe, nikaiacha ikauke.

Kisha msasa. Karo ina ngozi ya kioo juu, na rangi haipati mahali pa kushika mpaka kioo hicho kikwaruzwe. Nilikuwa naulowesha msasa ili vumbi lisiruke, nasugua, nafuta, halafu nalaza tochi ya simu ubavuni mwa ukuta. Pale panapong'aa bado, narudia. Mikono iliuma, jamani. Lakini ukuta mzima ulipofifia kama ubao wa shule, nikajua tayari.

Hapo ndipo nikapaka rangi ya chini, na siku iliyofuata epoksi nyeupe, mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili. Ilikuwa Agosti, kabla mvua hazijarudi. Wiki nzima hakuna aliyeoga mle ndani, tulioga nyuma ya jiko. Wakwe walikuja, na mama mkwe wa binti yangu alitoka bafuni akiniuliza karo hizo nimezinunua wapi.

Haya, na ninyi.

Fundi Kadutu

Mama, heshima zangu. Umefanya kazi ambayo mafundi wengi wanairuka. Mimi ni mtu wa rangi tangu 2009 na naongeza mawili.

La kwanza, kabla hujanunua hata msasa, chukua mpini wa kijiko, gonga karo moja moja. Iliyoshika vizuri inajibu kwa sauti fupi, nzito. Iliyoachia ukuta inalia kama debe tupu. Hizo zitoe na uzibandike upya kwanza. Mji wetu wa Bukavu umekaa juu ya miteremko, udongo unatembea, na tangu lile tetemeko la Februari 2008 nimekuta nyumba nyingi karo zimesimama kwa mazoea tu. Ukipaka rangi juu ya karo inayocheza, ufa utapita katikati ya rangi yako, na maji yataingia humo.

Pia zunguka upande wa pili wa ukuta. Nyumba zetu nyingi zimechimbwa ndani ya kilima, mgongo wa bafu umegusana na udongo. Nilipaka bafu la namna hiyo huko Bagira, kazi safi kabisa, na mvua za Novemba zilipokolea rangi ikavimba malengelenge. Nililitoboa moja, maji yakatoka. Ukuta ulikuwa unakunywa kwa nyuma. Hakuna rangi inayoshinda hilo, lazima kwanza maji ya kilima yapewe njia yake. Mteja nilimrudishia nusu ya pesa.

La pili ni kuchanganya. Epoksi ina kopo la rangi na kopo la dawa ya kugandisha. Vikishakutana, saa imeanza kuhesabu. Mara yangu ya kwanza nilichanganya yote kwa pamoja ili nisisumbuke. Mwenye nyumba akaniita tuongee, tukaongea. Niliporudi, kopo lilikuwa limepata moto mkononi na rangi imekuwa bugali. Nililipa kopo lile kwa mfuko wangu. Siku hizi nachanganya ya ukuta mmoja, nikimaliza nachanganya nyingine. Na kipimo nakisoma kwenye kopo, kila kampuni ina chake. Ukikadiria kwa jicho, dawa ikipungua, rangi itabaki inanata hadi Krismasi.

Mpangaji wa Panzi

Nakuja na la kuharibu, maana umesema tulete na hayo.

Mimi nilipaka dushi kwa rangi ya maji iliyobaki tulipopaka saluni, yaani sebule. Rangi nzuri, ya krimu, ukutani saluni hadi leo ipo. Sikusugua msasa, niliosha tu. Siku ya kwanza ilipendeza hadi mke wangu akapiga picha. Wiki ya tatu nikaona kimkunjo pale chini ya bomba. Nikakigusa, kikaja chote, karatasi moja ndefu, kama ganda la kiazi kitamu kilichochemshwa. Watoto wakaanza kuvuta kila wakienda kuoga, walifurahi sana.

Kilichoniuma zaidi ni mwenye nyumba. Sikumuuliza kabla. Alipoona, akasema nimeharibu karo zake, na tulipohama akakata dola 100 kwenye garanti, ile pesa ya dhamana ya nyumba. Nilijitahidi kuzibandua zote kwa kisu, lakini kwenye mistari rangi ilikuwa imeingia, haikutoka. Wapangaji wenzangu, mwombeni mwenye nyumba kwanza, na akikubali, aandike hata mistari miwili kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na nia njema na ndiyo iliyonigharimu.

Fundi Kadutu

Pole sana kaka. Rangi ya maji ya ukutani inashika juu ya kitu kinachokunywa, kama lipu. Karo hainywi. Hata rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango, ukiiweka moja kwa moja juu ya mng'ao inabanduka, inachelewa tu kuliko hiyo yako.

Dada wa Essence

Na chini, sakafuni? Karo zangu za chini ndizo mbaya kuliko za ukuta.

Fundi Kadutu

Dada, bafu letu la Bukavu siyo la picha za intaneti. Tunaogea ndoo, beseni linaburutwa, maji yanatuama. Sakafu ya kuogea sipaki tena. Hata ikishika, inakuwa ya kuteleza kwa mzee. Tafuta karo za chini za bei nafuu, eneo ni dogo, halafu rangi uiweke ukutani.

Muuguzi wa zamu

Naandika haraka, ila hili nawaomba mlisome wote.

Mama Nguba ametumia siki. Wengine wanatumia dawa kali ya kutolea chokaa, na wengine wanamalizia na maji ya javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ili kuua ukungu. Kila kimoja peke yake ni sawa. Visikutane kamwe! Javel ikikutana na siki au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu zina kidirisha kama bahasha. Nilimpokea mama mmoja usiku, anakohoa hadi anashika kifua, macho mekundu. Alikuwa amemwaga vyote viwili kwenye karo moja akidhani nguvu zitaongezeka. Alipona, lakini alikaa kwetu siku mbili. Ukitumia kimoja, suuza kwa maji mengi, acha siku ipite, ndipo utumie kingine.

La pili ni jirani yangu mwenyewe. Alipaka mwezi wa kumi na moja, rangi haikauki kwa unyevu. Akaingiza mbabula ya makaa bafuni, akafunga mlango ili joto libaki, naye akawa anaingia kuangalia. Mtoto wake ndiye aliyemkuta amekaa chini, kichwa kinazunguka, hawezi kusimama. Makaa yanatoa gesi isiyo na harufu inayolaza mtu bila yeye kujua, na mvuke wa rangi zile unashika moto. Tulimtoa nje kwenye hewa, tukampeleka hospitali, Mungu akasaidia. Tafadhali, kama ni msimu wa mvua, ngojeni Juni. Bafu baya halijaua mtu.

Mama Nguba

Aksanti sana mwanangu muuguzi. Mimi siki ilitosha, javel sikuigusa, lakini kwa kweli sikujua. Ningeweza kuichanganya mimi mwenyewe.

Kijana wa Himbi, Goma

Huku kwetu Goma shida ni vumbi. Ardhi yetu ni lava, barabara ikikauka vumbi jeusi linaingia hata kwenye kabati iliyofungwa. Nilipaka karo za dushi asubuhi, dirisha wazi kwa ajili ya harufu kama maagizo yanavyosema. Jioni nikarudi, ukuta mweupe una madoa kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Yalikuwa yameshazama ndani ya rangi.

Nikangoja siku mbili, nikapiga msasa mwepesi, nikafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Kabla ya mkono wa pili nikanyunyizia maji uwanja na sakafu ya korido, kisha nikatundika shuka lililoloweshwa na kukamuliwa dirishani, mbali na ukuta. Hewa inapita, vumbi linabaki kwenye shuka. Mama alinigombeza kwa ajili ya shuka lenyewe, lilikuwa jeusi. Ukuta ulitoka safi.

Jingine, umeme. Msianze mkono wa mwisho saa kumi jioni mkitegemea taa. SNEL, watu wa umeme, walikata nikiwa katikati, nikamalizia kwa tochi, na asubuhi nikaona viraka ambavyo rulo haikupita. Rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe ya chini, gizani huoni kitu.

Dada wa Essence

Mama Nguba, tuambie sasa hali ikoje? Picha za siku ya kwanza kila mtu anazo. Mimi nataka kujua baada ya mvua.

Mama Nguba

Swali zuri mwanangu, na nimeenda kuangalia sasa hivi kabla ya kukujibu.

Misimu miwili ya mvua imepita. Kuta tatu ziko vilevile. Nazifuta kwa kitambaa laini na sabuni kidogo, ile sponji ya chuma nimeitoa bafuni kabisa na msichana wa kazi nimemwonyesha kwa nini. Kwenye pembe, silikoni mpya niliiweka baada ya rangi kukauka, nayo imeshika.

Ukuta wa nne ndio uliniumiza. Mnajua REGIDESO, watu wa maji, wakikata tunakaa hata siku nne bila tone, basi kila bafu Bukavu lina pipa. Langu lilikuwa limeegemea karo. Kila tukichota, pipa linasugua, na nyuma yake pako maji daima, hapaoni hewa. Mwezi wa tano niliposogeza kulisafisha, nikakuta rangi imeachia kwa upana wa viganja viwili, na chini yake ua la manjano la marehemu mzee linanitazama. Nilikaa pale kidogo, nikaliangalia.

Julai nikapatengeneza: nikakwaruza hadi pale rangi ilipokataa kutoka, nikapiga msasa kingo zisiache ngazi, rangi ya chini, mikono miwili ya kile kiporo cha makopo ambayo sikuyachanganya yote. Anayejua anapaona, mgeni hapaoni. Pipa sasa linakaa juu ya vipande viwili vya mbao, limeachana na ukuta kwa upana wa ngumi. Nilipopima, ngumi yangu inapita, ya mwanangu wa kiume haipiti, na kwa mwaka huu imetosha.

Dada wa Essence, kama uko karibu, Jumamosi njoo uone. Leta kijiko tu, tutoke hapa kwenda kugonga karo zako kabla hujatoa pesa.