Vidonge vya mjamzito: vya kliniki vinatosha, au aongeze vya famasi?

Kaka_wa_Uyole
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana ujauzito wa wiki 9, yuko Uyole hapa Mbeya. Kliniki wamempa vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Famasi moja mjini wakamwambia hivyo havitoshi, wakamuuzia kopo la multivitamini za wajawazito. Kopo limeandikwa hivi: ferasi fumareti mg 100, foliki asidi mg 5, vitamini A IU 5,000 (IU ni kipimo cha vitamini), zinki, kalsiamu mg 200. Ameze vyote viwili? Asubuhi anatapika mno, chai ya rangi ndiyo inayomtuliza, kwa hiyo kidonge anakisukumia na chai. Wingi wa damu (Hb) alipopima ulikuwa 11.2.

Mfamasia_Iringa
Asimeze vyote viwili, kaka. Tuanze na hilo kopo.

Fumareti mg 100 si madini chuma mg 100. Huo ni uzito wa kiungo kizima kilichobeba chuma, si chuma peke yake. Chuma chenyewe ni theluthi moja tu, yaani kama mg 33. Kidonge cha kliniki kwa kawaida kina chuma halisi mg 60 na foliki asidi mg 0.4. Kwa hiyo kile cha bure ndicho chenye chuma kingi, karibu mara mbili ya hicho cha kununua. Akijumlisha vyote anafika mg 93, na tumbo ndilo litakaloumia: kichefuchefu, kufunga choo, mwisho anaacha kabisa kumeza.

Linalonisumbua zaidi ni hiyo foliki asidi mg 5. Kiwango cha kawaida kwa mjamzito ni mg 0.4, ambayo ni sawa na mikrogramu 400. Mg 5 ni dozi ya mtu mwenye sababu maalum: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, au mwenye kisukari, tena aandikiwe na daktari. Kuanzia wiki ya 13 kliniki watampa SP ya kukinga malaria. SP inamuua kimelea kwa kumkatia foliki, sasa ukimwaga mg 5 kila siku unaidhoofisha dawa. Mbeya mjini malaria ni kidogo, lakini akishuka Kyela kusalimia ndugu mambo ni mengine. Mg 0.4 haina shida hiyo.

Vitamini A iko ya aina mbili: angalia imeandikwa retinoli (ya wanyama) au beta-karotini (ya mimea). Beta-karotini haina neno. Retinoli isizidi IU 10,000 kwa siku, maana ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi hii ya mwanzo. Kama kopo lina retinoli IU 5,000 na anapenda maini, ajue gramu 100 tu za maini ya ng'ombe zinaweza kupita kiwango hicho zenyewe.

Muuguzi_RCH
Nakubaliana na mfamasia. Abaki na cha kliniki. Mimi naongelea hiyo chai, kwa sababu hapo ndipo dawa nyingi zinapopotea huku kwetu Rungwe, Mufindi na Njombe. Ule ukakasi wa majani ya chai unakishika chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Mtu anameza miezi sita na damu haipandi, anasema dawa ni mbovu. Chai ikae mbali na kidonge: saa moja kabla, saa mbili baada. Kahawa hivyohivyo, na maziwa pia.

Kwa kuwa asubuhi anatapika, ahamishe kidonge usiku, mnamo saa tatu, akienda kulala. Ameze kwa maji na chungwa au pera. Vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Tumbo tupu ndilo linalofyonza vizuri, lakini likimkataa ale kidogo kwanza. Akitapika hadi maji hayakai na mkojo unakuwa mchache wa rangi ya chai, hapo ni hospitali, si suala la vidonge tena.

Muulize taratibu kama anakula udongo ule wa sokoni. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unazidi kukizuia.

Na kama anatumia ARV (dawa za VVU) zenye dolutegravir, chuma au kalsiamu vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu vinaipunguza nguvu. Avimeze pamoja na chakula, au ARV itangulie saa mbili. Asiache kimojawapo.

Lishe_Njombe
Hiyo 11.2 msiifurahie sana. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa milimani mwili wake hutengeneza damu zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Kipimo husomwa kwa kupunguza kidogo, na mpaka kwa mjamzito miezi mitatu ya kwanza ni 11. Kwa hapo Uyole, 11.2 inaangukia upande wa upungufu mdogo. Aiulize kliniki; upungufu ukithibitika, wao ndio huongeza chuma hadi mg 120 kwa siku mpaka damu irudi.

Hela ya kopo ningeipeleka sokoni: maharage, dagaa wa Nyasa, mayai, figiri, parachichi. Mboga isichemshwe na maji kumwagwa, foliki inaondoka nayo. Rozela anywe kwa ajili ya vitamini C, ila ule wekundu si damu.

Chumvi iwe yenye madini joto. Nyanda za juu kusini rovu lilikuwa tatizo kubwa kwa sababu udongo wetu una madini hayo kidogo, na ubongo wa mtoto unayahitaji tangu sasa. Aitunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi wa jiko, na aitie chakula kikikaribia kuiva.

Kaka_wa_Uyole
Asanteni sana. Kopo limeandikwa vitamini A tu, aina haijatajwa, tunaliacha. Amehamia usiku siku ya nne leo, hatapiki kidonge. Ila choo kimekuwa cheusi na kigumu. Na je, foliki ya kumkinga mtoto na ule mgongo wazi, amechelewa kuianza?

Muuguzi_RCH
Weusi ni chuma kilichobaki, usiogope. Choo kikiwa cheusi cha kunata kama lami, kinanuka vibaya na anasikia kizunguzungu, aende hospitali. Ugumu ni maji zaidi, parachichi, papai lililoiva na kutembea.

Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, kwa hiyo dirisha hilo limeshapita. Foliki anaendelea nayo kwa ajili ya damu, na kwa mimba ijayo aianze foliki kabla hajashika. Siku akisahau, asimeze viwili kesho yake. Na viwekwe juu kabisa kama kuna watoto nyumbani: vinafanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.