Naomba ushauri: sehemu ya kukaa nje uwani, nnataka pakaliwe kweli

BintiChukwani
Asalam aleykum jamani. Nna uwa nyuma ya nyumba huku Chukwani, Unguja, ukubwa wake kiasi cha kuingia gari mbili hivi, upande wa baharini pana ukuta mrefu, upande wa pili jirani bado hajajenga kwa hiyo mtu akipita njiani anatuona mpaka tunachokula. Mume wangu anataka tununue yale masofa ya plastiki ya kusukwa, zulia la majani ya bandia na lile hema la vyuma, kayaona kwenye simu huko. Mie nnataka mahali ambapo ikishasaliwa alasiri watu wanatoka wenyewe bila kuitwa, mawifi wakija wasijazane ukumbini na joto, Ramadhani tufuturu hapohapo, na mama mkwe magoti yanamsumbua mkeka hauwezi tena. Sasa hivi saa kumi pale pana jua hapakaliki hata dakika. Bajeti ya kawaida, si ya hoteli. Nianze na kipi? Na juu niezeke makuti au bati?

FundiMawe
Waalaikum salaam dada. Kabla hujanunua hata msumari toka nje simama uelekee kibla. Huku kwetu kibla ni kaskazini takriban moja kwa moja, kwa hiyo kulia kwako ndo mashariki na kushoto magharibi. Jua linalokutesa linatoka kushoto na linaingia kwa ubavu, watu wengi wanaweka paa juu wakadhani washamaliza, saa kumi jua linapita chini ya paa linawapiga usoni. Upepo sasa. Kaskazi, Disemba mpaka kama Machi, inakuja mbele yako kulia. Kusi ikishika inatoka nyuma yako, kuliani vilevile. Yani misimu yote miwili upepo mkubwa uko mkono wa kulia na jua baya mkono wa kushoto, wewe ushabahatika mana ukuta wako mrefu uko upande wa baharini, yani hukohuko magharibi. Jenga baraza ya mawe iegemee ukuta huo, watu wakae mgongo magharibi uso kwenye upepo. Na huo upande wa jirani usije ukaupandisha ukuta mzima kwa ajili ya stara! Weka matofali yale ya matundu, mtu wa njiani haoni kitu na upepo unapita.

Baraza yenyewe kwa mama mkwe usifanye fupi kama zile za vichochoroni Mji Mkongwe, zile wazee wananyanyuka kwa kushikwa mkono. Sentimita 45 mpaka 50 kwenda juu, kina 55 au 60 aweze kuegemea na mto, ukingo wa mbele uviringwe usimkate nyuma ya magoti na juu paachiwe mteremko mdogo maji ya mvua yasilale. Fundi akikwambia tuchote mchanga wa pwani hapa karibu mkatalie palepale, ule una chumvi na kama kuna nondo ndani itakula kutu mpaka zege lipasuke. Hilo hema la vyuma nalo kwa Chukwani, na bahari ileee, chumvi itaanzia kwenye nati na maungio.

ShogaWaMichenzani
Fundi kasema yote lakini kwenye makuti naona kakimbia 😂 Shoga mie nakwambia makuti. Bati mchana linakushushia joto kichwani na mvua ikinyesha hamsikilizani. Ila sharti yawe makuti ya viungo yaliyoshonwa karibukaribu, na paa liwe na mteremko mkali maji yasipate nafasi ya kukaa, paa likilala makuti yanaoza upesi sana. Na ujue ni kitu cha kubadilisha kila baada ya miaka, si cha kuezeka ukasahau. Jiko la mkaa liwe mbali nalo kabisaaa, nasema mbali, cheche moja tu ya Kaskazi mnabaki na boriti. Kama nyie ndo watu wa kuchoma samaki na mishkaki kila Ijumaa basi chukua bati kwa usalama, chini yake upigie mikeka ya ukili kama dari, joto linapungua na panapendeza.

Halafu kuhusu jirani asiyejenga, kabla hujapata pesa ya hayo matofali piga uzio wa makuti ya kumba. Rahisi, na siku akijenga unauvua.

Taa usiweke zile nyeupe kali, zinaita wadudu wote wa mtaa kwenye sahani. Weka za manjano, ziwe chini ukutani.

MpembaWete
Salaam. Mumesahau harufu nyinyi watu wa mjini. Mpande asumini upande huohuo wa upepo, matundu ya matofali ndo yatakuwa kichanja chake, jioni maua yakifunguka upepo unawaletea mpaka mulipokaa. Pembeni mkilua, na mrehani kwenye vyungu pale watu wanapopita, nguo ikiugusa tu ushanukia. Zulia la plastiki la nini hapo? Likipigwa jua la mchana linaunguza nyayo za watoto.

Mti wa kivuli uchague kwa akili. Mzambarau utakutia madoa sakafuni na kwenye mito, mnazi na mfenesi sitaki hata kuvisikia juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Mkomamanga au mstafeli inatosha kwa uwa mdogo. Na visahani chini ya vyungu mwage maji, mbu wa dengue wanazaliana humo humo na wale wanauma mchana.

BintiChukwani
Ahsanteni sana wallahi. Nilisimama kuelekea kibla mume akaniuliza sala gani saa hii 😂 lakini nilipomwonesha upepo unatoka wapi akanyamaza, hema kashaliacha, masofa bado anayatetea. Tumekubaliana baraza kwanza. Sie samaki tunachoma kweli kwa hiyo itakuwa bati na ukili. Fundi swali moja tu, bati literemkie upande gani? Na plasta niweke chokaa au saruji?

FundiMawe
Liinuke upande wa upepo literemke kwenye ukuta wa magharibi, hapo unapata mambo mawili, upepo unaingia kwa nafasi na ukingo wa chini unakaba jua la jioni. Ila maji yote ya masika yatashukia nyuma ya baraza, kwa hiyo weka mfereji na pipa lenye kifuniko, usiyaache yakapiga mguu wa ukuta. Plasta, ukuta ukiwa wa zamani wa mawe na chokaa basi na plasta iwe chokaa, saruji inafungia unyevu ndani baadae inabanduka vipande vipande. Ukiwa wa matofali ya saruji piga saruji tu halafu juu paka chokaa nyeupe, haishiki joto. Masofa mwambie mzee asubiri mpaka baraza ikauke, akishaikalia na mto mgongoni tutaona.