Hudi ya lenzi: kuiacha wakati wote, kuivua, au kutegemea filta?

Machweo (Dar es Salaam) aliandika:

Salamu kwenu wadau wote. Ninapiga picha za harusi, nami nina lenzi mbili ninazozitumia karibu kila wiki: 18-55mm iliyokuja pamoja na kamera, na 70-200mm ambayo ilikuja na hudi yake, yaani ile kinga ya plastiki inayovishwa mbele ya lenzi ili kuzuia mwanga wa pembeni. Ile ya 18-55mm niliinunulia dukani hudi ya petali, yaani ile ambayo ukingo wake umekatwa kama petali za ua, mbili ndefu na mbili fupi. Jumamosi iliyopita niliwapiga picha maharusi ufukweni Kigamboni, saa 11 jioni, jua likiwa kushoto kwangu, nje kabisa ya fremu. Nilitumia 70-200mm, na hudi ilikuwa imegeuzwa nyuma kama inavyokaa begini. Picha zilitoka zimefifia kana kwamba nimepiga kupitia chandarua, na suti nyeusi ya bwana harusi ikawa ya kijivu. Usiku, tulipoingia ukumbini, nilibadili lenzi na safari hii nikavisha hudi ya 18-55mm nikidhani nimejifunza, lakini kila picha ya flashi ya kamera ilikuwa na kivuli cha nusu duara kwenye pindo la gauni la bibi harusi. Naomba mnisaidie kulinganisha: ni bora kuiacha hudi wakati wote, kuivua, au kutegemea filta ya kinga peke yake?

Fundi wa Studio (Mombasa) alijibu:

Pole kwa yaliyokukuta, ndugu yangu. Matukio yako mawili yana asili moja, nayo ni kwamba hudi huzuia mwanga bila kuuchagua. Lenzi ya 70-200mm ina vipande vingi vya kioo ndani yake, mara nyingi zaidi ya 15, na kila uso wa kioo, hata ukiwa umepakwa dawa ya kupunguza mng'ao, hurudisha mwanga kidogo. Jua lililo nje ya fremu haliingii katika picha, lakini miale yake ikigusa kioo cha mbele hurukaruka humo ndani na kutandaza weupe juu ya picha nzima, na weusi ndio unaoumia kwanza. Hudi ingeikata miale hiyo kabla haijafika kwenye kioo. Ikigeuzwa nyuma haifanyi kazi yoyote, na tena inakuzuia kuzungusha pete ya kukuza.

Ukumbini mambo yaligeuka. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera imekaa chini, karibu sana na lenzi, kwa hiyo mwanga wake ulipokwenda mbele uligonga hudi, na kivuli cha hudi ndicho ulichokiona kwenye gauni. Hapo ni kuivua tu. Ukitumia flashi ya nje iliyo juu zaidi tatizo hupungua, na ukiielekeza darini huisha.

Kuhusu filta, naomba tusichanganye mambo. Filta hulinda kioo dhidi ya vumbi na mikwaruzo, lakini nayo ni kioo: inaongeza nyuso mbili mbele ya lenzi, na jua la pembeni likiipiga, weupe unaweza kuzidi. Kama ni lazima uitumie, ivishe pamoja na hudi.

Mbugani (Arusha) alijibu:

Mimi huwapeleka wageni Tarangire na Serengeti, na hudi ya lenzi ndefu siivui kuanzia asubuhi hadi jioni. Gari likirukaruka njiani, lenzi hugonga ukingo wa paa lililo wazi, na mara mbili nimeshuhudia hudi ikipasuka huku kioo kikibaki salama. Hudi hununuliwa upya kwa urahisi kuliko kioo cha mbele. Vilevile huzuia vidole vya watu na matone ya mvua za rasharasha.

Mkipiga picha kupitia dirisha lililofungwa, tafuteni hudi ya mpira na muisogeze hadi iguse kioo cha dirisha, kwa sababu huondoa taswira ya shati lako na ya viti vinavyoakisiwa. Dereva azime injini kwanza, maana mtikisiko wake hupita moja kwa moja hadi kwenye lenzi.

Mwana wa Paje (Zanzibar) alijibu:

Kaka Mbugani, kwa lenzi ndefu ndani ya gari nakubaliana nawe, lakini "siivui" isiwe kanuni kwa kila mtu. Upepo wa kaskazi ukivuma ufukweni, hudi ndefu hukamata upepo kama tanga, na kamera iliyo juu ya stendi ya miguu mitatu hutikisika. Kwa picha ya sekunde kadhaa mimi huivua na kukinga jua kwa kofia yangu, nikihakikisha ukingo wake hauingii kwenye fremu.

Pia napiga picha za karafuu na iliki kwa karibu sana. Lenzi yangu ya makro ya 60mm, ikifika kwenye ukubwa halisi (kitu kikionekana kwenye sensa kwa ukubwa wake wenyewe), hubakiza sentimita chache tu mbele yake. Ukiweka hudi hapo, kikonyo cha karafuu kinaingia gizani na huna pa kupitisha mwanga. Nayo filta ya kupunguza mng'ao wa maji inabidi izungushwe kwa vidole, jambo ambalo hudi nyingi haziruhusu.

Lakini mchana wa jua kali juu ya mchanga mweupe, hudi naivisha hata jua likiwa nyuma yangu. Mchanga wenyewe ni taa: hurusha mwanga kutoka chini, na watu wengi hufikiria jua la juu pekee.

Fundi wa Studio aliongeza:

Ndugu Machweo, kioo cha mbele cha hiyo 18-55mm huzunguka unapofokasi? Nauliza kwa sababu ulitaja petali.

Machweo alijibu:

Ndiyo, kinazunguka. Nimejaribu sasa hivi: petali ndefu zinazopaswa kukaa juu na chini zimehamia pembeni, na kwenye 18mm, ambako lenzi huona eneo pana zaidi, pembe mbili za picha zimeingia giza. Nilidhani lenzi imeharibika.

Jana jioni nilirudi Kigamboni na ile 70-200mm, nikasimama palepale, nikapiga picha mbili za mtumbwi mweusi, moja na hudi na nyingine bila. Katika ya kwanza mbao zinahesabika. Katika ya pili ubavu mzima ni kijivu. Nilipogeuka hadi jua likaingia kwenye fremu, sikuona tofauti yoyote kati ya kupiga na hudi na kupiga bila hudi.

Fundi wa Studio alijibu:

Hapo ndipo mpaka wa hudi ulipo. Jua likiwa ndani ya picha, sogea wewe au lifiche nyuma ya mtu. Kwa 18-55mm achana na petali, chukua ya duara ya mpira inayokunjika: mchana unaikunjua, na usiku wa flashi unaikunja nyuma bila kuivua. Kabla ya kulipa, piga picha ya ukuta mweupe kwenye 18mm na uzikague pembe zote nne. Kipenyo cha hudi inayoingia kwenye lenzi yako utakisoma mbele ya lenzi, kando ya alama ya duara iliyokatwa kwa mstari.

Machweo alijibu:

Nimekiona, ni 58mm. Kesho asubuhi nitakwenda Kariakoo na kamera yangu.