Opeth wamerudisha mngurumo: wamerudi nyuma au hadithi imewadai?

Mleta mada, Mkunazini
Asalaam aleikum wadau. Sisi tunaosikiliza muziki wa metali hapa Unguja tunaenea kwenye daladala moja na viti vikabaki, ila kwa ubishi tunautosha mji mzima.

Jambo lenyewe ni hili. Opeth, bendi ya metali ya Sweden, waliacha kuimba kwa kunguruma baada ya albamu ya Watershed ya 2008. Ikaja Heritage, 2011, sauti safi tupu na vinanda vyenye ladha ya miaka ya 1970, na albamu tatu zilizofuata zikashika njia hiyo hiyo. Novemba 2024 wakatoa The Last Will and Testament, na mngurumo umo tena. Wengi walishangilia kuwa "wamerudi nyumbani". Mie nasema hawakurudi popote. Hadithi ndiyo iliyoidai ile sauti.

Hadithi ya albamu ni hii: Vita Kuu ya Kwanza vimekwisha, tajiri amekufa, watoto wamekusanywa kusomewa wasia. Nyimbo saba hazina majina, zina alama ya ibara na nambari tu, kama karatasi za wakili. Ibara zinafukua siri: mapacha waliolelewa kama wanawe si damu yake, na mali inamwangukia msichana mwenye polio aliyekulia humo humo nyumbani. Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull kaingizwa kusoma vipande vya maneno. Mzee keshazikwa na bado anaamuru! Mikael Åkerfeldt, mwimbaji wao, angemwimba kwa ule upole wa albamu yao ya Damnation ya 2003, tungemhurumia, na mtu huyu hakutungwa ahurumiwe. Kisha sikilizeni wimbo wa nane, pekee wenye jina. Msichana anapata barua kwamba hata yeye si mwanawe. Humo mngurumo haumo kabisa.

Haya, nipingeni.

Michenzani
Shekhe, unawapamba. Mashabiki wamelia miaka yote hiyo, halafu ghafla hadithi "imedai"? Hadithi kaitunga nani? Ukiwa na hamu ya kunguruma, unatunga mzee mkali, basi. Albamu yao ya Still Life ya 1999 nayo ni hadithi moja mwanzo hadi mwisho, ya mtu aliyefukuzwa mjini kwao kwa kukosa imani akarudi kumfuata Melinda wake, na sauti zote mbili zimo. Kwa hiyo kazi hii wanaijua tangu zamani. Waliiacha kwa kupenda kwao na wameirudia kwa kupenda kwao. Si dhambi, lakini usiivishe kanzu.

Chake Chake
Haya tumeshayapitia na taarab. Kinanda cha umeme kilipoingia na rusha roho ikashika maharusi, wazee walisema taarab imekufa, na kikundi cha Ikhwani Safaa cha tangu 1905 kiko pale pale na udi wake na ganuni yake. Ila kuna tofauti, na hapa siko na Mleta mada. Rusha roho ilijitafutia wasikilizaji wake wengine. Opeth walibadilika mbele ya watu wale wale waliokwishawanunulia albamu yao ya zamani, Blackwater Park. Ndiyo maana iliuma.

Wete
Metali siijui, nimesoma hiyo hadithi tu. Kwetu wasia ule usingesimama. Hauvuki thuluthi, na mrithi hausiwi. Kadhi angeifunga albamu kwenye ibara ya kwanza.

Mleta mada, Mkunazini
Wete umeniua kwa kicheko. Michenzani, Still Life unayonitolea ni hoja yangu mwenyewe: sauti mbili zimo kwa sababu mhusika ana mapenzi na ana kisasi. Nionyeshe kwenye albamu hii mahali pamoja ambapo mngurumo umetiwa bila mwenyewe.

Michenzani
Sikuonyeshi, nasubiri albamu ijayo. Ikija haina maiti wala wasia na mngurumo bado umo, kahawa ya Jaws Corner ni juu yako, na kashata.

Mleta mada, Mkunazini
Kahawa sawa. Kashata ujinunulie.