Lodge imetukuta hapa tukipiga muziki, leo sisi ndio tumekuwa kelele!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Jumatatu jioni tumekuta kufuli jipya kwenye mlango wa banda letu la mazoezi hapa Tabora, na vyombo vyote viko ndani. Spika mbili, mikisa, gitaa la besi la kuazima, tumba tatu. Tumba moja ngozi yake niliiwamba mwenyewe mwezi wa saba mpaka vidole vikachubuka.

Kosa letu eti kelele.

Banda lile tulilipanga mwaka 2014. Lilikuwa stoo iliyotelekezwa, panya wanakatiza mchana kweupe. Kulia shamba la mihogo, kushoto fundi baiskeli, basi. Tukabandika trei za mayai kutoka chini mpaka kwenye kenchi, tukatundika magodoro mabovu dirishani, tukaanza kupiga saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, Jumapili tunapumzika. Kodi ilikuwa 40,000 kwa mwezi. Baada ya muda akaja mama mmoja kuuza chai na mihogo ya kukaanga pale nje, maana watu wapo. Akaja kinyozi. Akaja fundi simu. Mpaka leo ukimwambia bodaboda "nipeleke kwenye bendi" hakuulizi wapi. Mtaa ule sisi ndio tuliouchangamsha.

Mwaka jana tajiri akanunua lile shamba na kupandisha lodge ya ghorofa mbili. Mji unapata wageni wengi tangu ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR uanze ukanda huu, na fursa ameiona, simlaumu kwa hilo. Lakini ukuta wake uko hatua sita kutoka dirisha letu. Nimezipima kwa miguu yangu. Mafundi walipokuwa wanachimba msingi sisi tulikuwa ndani tunapiga, wao wanatupia koleo kwa mdundo wetu. Hakuna wa kusema hakujua! Halafu akaweka madirisha ya vioo vyepesi vya kusukuma, na vitanda upande wetu.

Wiki ya pili tu baada ya kufungua, malalamiko. Mwezi haujaisha, barua. Mwenye banda naye akapandisha kodi hadi 200,000, tena ya miezi sita mkononi. Tuliomba mwezi mmoja wa kuchangishana, jibu lake ni lile kufuli. Nilimfuata meneja wa lodge nikamweleza kwa upole. Akaniambia, "Kaka, mteja wangu amelipa alale." Nikamwambia na mimi nililipa nipige, miaka yote hiyo.

Mambo haya yameshaua muziki kwenye miji mikubwa kuliko wetu. London kati ya 2007 na 2015 ilipoteza asilimia 35 ya kumbi zake ndogo za muziki, na kodi pamoja na malalamiko ya majirani wapya vilikuwa miongoni mwa sababu. New York ukumbi wa CBGB ulifunguliwa 1973 kwenye mtaa wa Bowery, wakati huo mtaa wa walala hoi. Bendi za Ramones na Blondie zilianzia pale. Mtaa ukapanda bei, wakagombana na mwenye jengo, 2006 wakafunga. Baadaye likawa duka la nguo.

Ila wenzetu wengine walistuka. Jimbo la Victoria kule Australia tangu 2014, na Uingereza tangu 2018, kanuni za mipango miji zinasema anayejenga nyumba mpya karibu na ukumbi wa muziki uliokuwepo ndiye abebe gharama ya kuzuia sauti. Vioo vizito aweke yeye. Kuna ugumu gani halmashauri zetu kuandika mstari kama huo kwenye kibali cha ujenzi?

Na huu ni mji wa bendi za zamani: Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids ya mzee Salum Zahoro. Kila sherehe ya kiserikali hawaachi kutaja "urithi wetu wa muziki". Sasa huo urithi ulizaliwa wapi kama si kwenye mabanda?

Kuna aliyeniambia nirekodi kwa kompyuta chumbani. Ndugu yangu, biti utazipanga kwenye kompyuta. Lakini besi na tumba kujua kusubiriana, mpiga gitaa la solo kujua anyamaze lini mwimbaji avute pumzi, hilo linataka watu sita chumba kimoja, kila siku, wanakosea na kurudia. Nina vijana wanne wanajifunza pale bure. Mmoja ana miaka 16, mkono wake wa rithimu unanitisha kwa uzuri. Tangu Jumatatu anakuja, anakaa kwenye benchi la mama chai, analiangalia kufuli, anaondoka.

Mwanasheria yeyote humu anisaidie: mwenye nyumba anaruhusiwa kuzuia vyombo vya mpangaji namna hii? Na mwenye ghala popote Isevya, Ng'ambo au Kanyenye anicheki. Jumamosi tuna harusi, kianzio tumeshakula, na bwana harusi amenipigia leo mara tatu.