Mama ana sukari, atapasuliwa mawe ya nyongo, na wameomba aingie kwenye utafiti. Tutie sahihi?

Binti wa Kayole:
Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 61, ana sukari na presha, na kliniki yake iko hospitali moja kubwa hapa Nairobi. Mawe ya nyongo yamemtesa sana mwaka huu, sasa amepangiwa kutolewa kibofu cha nyongo mwezi ujao.

Jana tulipotoka kwa daktari, kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alituketisha kwenye benchi akatueleza kuna utafiti wa wagonjwa wenye sukari na presha wanaofanyiwa upasuaji. Watasoma faili lake, watatoa damu kidogo wapime ile sukari ya miezi mitatu, watamwangalia akiwa wadini, halafu siku ya 30 watapiga simu kujua hali yake. Karatasi za kutia sahihi ni za Kiingereza. Alijaribu kutufasiria lakini foleni ilikuwa ndefu na alikuwa na haraka. Tumepewa mpaka kliniki ijayo.

Mama amekosa usingizi. Anasema wanataka kumfanyia majaribio. Kaka yangu anasema tukatae moja kwa moja. Mimi naogopa tukikataa atasogezwa nyuma kwenye orodha ya upasuaji. Aliyewahi kupitia hili atuelekeze, tafadhali.

Mzee wa Buruburu:
Binti yangu, mimi ningekataa. Ndugu yangu aliwahi kuingia kwenye utafiti wa presha. Walimpima, wakamuuliza maswali mpaka akachoka, na hadi leo hakuna aliyerudi kumwambia waligundua nini. Wanaandika vitabu vyao, wewe unabaki na nauli yako. Mama yako ashughulikie upasuaji, hayo mengine yangoje.

Sista wa Ngara:
Binti wa Kayole, pole na mama. Mimi ni nesi. Nimefanya kazi wadi ya upasuaji muda mrefu, na siku hizi kazi yangu ni kama ya huyo kijana, kukusanya habari za wagonjwa walio kwenye utafiti. Sijaiona fomu yenu, kwa hiyo nasema ninayoyajua kuhusu kazi yenyewe.

Kwanza mtulize mama. Kwa ulivyoeleza, huo ni utafiti wa kufuatilia. Hakuna dawa mpya atakayopewa, na upasuaji wake utakuwa uleule ambao angefanyiwa hata bila utafiti. Kuna aina nyingine ambapo wagonjwa au hospitali hugawanywa kwa bahati nasibu, upande huu ufanyiwe hivi na ule vile. Hiyo nayo si ya kuogopwa ikiwa imepita kamati ya maadili, ila ina maswali yake zaidi. Muulizeni waziwazi: kuna chochote kitakachobadilishwa kwenye matibabu ya mama? Akijibu hapana, akuonyeshe pale kwenye fomu palipoandikwa hivyo.

Sasa kwa nini wanahangaika kufuatilia. Wengi wetu tunadhani hatari yote iko thieta, daktari akiwa na kisu mkononi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wiki moja katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa wetu walikuwa na umri mdogo kuliko wa mabara mengine na hali zao hazikuwa mbaya sana kabla ya kupasuliwa, lakini waliofariki walikuwa karibu mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo 100, kama 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe. Yaani mtu ametoka thieta salama, familia imeshapigiana simu za furaha, halafu anapotea wadini. Niliposoma hayo niliona zamu za usiku nilizofanya: nesi mmoja, wadi imejaa, na mgonjwa wa kitanda cha mwisho anapumua kwa kasi tangu saa nane bila mtu kumfikia. Hakuna anayejua ukubwa wa tatizo hilo mpaka mtu akae ahesabu.

Kuhesabu si kuponya, nakubali. Baadaye walijaribu hospitali zaidi ya 300 za Afrika kuona kama kuwaangalia kwa karibu zaidi wagonjwa walio hatarini kungepunguza vifo, na matokeo ya 2021 yakaonyesha havikupungua. Iliniuma, maana niliamini kabisa kungesaidia. Lakini ni bora tulijue hilo kuliko kujidanganya. Na kuna yaliyofanikiwa: jaribio moja katika nchi 7, Rwanda ikiwemo, lilipima kitu chepesi sana, timu kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Vidonda vilivyoambukizwa vilishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Wagonjwa zaidi ya 13,000 walikubali kufuatiliwa ndipo hilo likajulikana, na leo daktari yeyote anaweza kulifanya bila kununua mashine.

Mzee wa Buruburu, shikamoo. Lalamiko lako ni la haki na mimi nalibeba kazini kila siku. Mtu akikupa damu yake na muda wake, unamrudia umwambie ulichokiona. Binti, ulizeni kabla ya sahihi: matokeo mtatuletea vipi, na lini? Msikubali jibu la "tutachapisha".

Kuhusu Kiingereza, dai fomu ya Kiswahili. Si hisani, ni haki ya mama kusoma kwa lugha anayoielewa, na akiwa na swali arudi kesho, na keshokutwa. Kwenye fomu lazima kuwe na namba ya mtafiti mkuu na namba ya kamati ya maadili iliyoipitisha. Abaki na nakala yake nyumbani. Akikataa, au akikubali halafu akabadilisha nia, nafasi yake ya upasuaji haiguswi. Mtu akikwambia vinginevyo, pigia hiyo kamati siku hiyohiyo. Habari za afya zinalindwa pia na sheria ya ulinzi wa data ya 2019, kwa hiyo ulizeni jina lake litafichwaje na nani ataliona faili.

Na la mwisho, nisamehe nikisema: anayetia sahihi ni mama. Si wewe wala kaka yako. Ana akili zake timamu, msomeeni, kisha mnyamaze aamue.

Otis wa Rongai:
Sista asante. Ila mimi sielewi hiyo sukari ya miezi mitatu inahusiana nini na nyongo. Si wanampima kidoleni kila kliniki?

Sista wa Ngara:
Kidoleni unapata sukari ya dakika ile. Mtu anaweza kujinyima chai na mandazi siku mbili kabla ya kliniki, mashine ikasoma vizuri, daktari akafurahi. Kile kipimo kingine kinaangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo huwezi kuificha. Upasuaji wenyewe huipandisha sukari hata kwa mtu aliyetulia, kwa sababu mwili unaingiwa na mshtuko. Ile ya kidoleni ikikaa juu ya 10 (mmol/L), chembe nyeupe hazipigani vizuri na kidonda kinachelewa kufunga. Ndiyo maana hata nje ya utafiti ningetaka mama apimwe hicho kipimo sasa, si asubuhi ya upasuaji.

Binti, angalia pia dawa zake. Kama kati ya zile za sukari kuna dapagliflozini au empagliflozini, mwambieni daktari wa nusukaputi mapema. Kwa upasuaji uliopangwa, hizo kwa kawaida husimamishwa siku 3 kabla, maana zinaweza kuleta asidi kwenye damu huku sukari ikisoma sawa. Msizisimamishe wenyewe, aamue daktari.

Binti wa Kayole:
Sista, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mama yote haya, ameuliza jambo moja tu: simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na chaji haikai, na akitoka hospitali atapumzikia kwa dada yake Murang'a. Wakipiga wasimpate itakuwaje? Nitoe namba yangu?

Sista wa Ngara:
Ameuliza swali la maana kuliko yote. Wasiopokea simu ndio wanaotukosesha usingizi, kwa sababu huenda ndio waliozidiwa au waliolazwa kwingine. Tukiwaacha, hesabu inaonekana nzuri na si kweli.

Toeni namba tatu: ya mama, yako, na ya huyo mama mdogo wa Murang'a. Lakini aongee mama mwenyewe. Nikimuuliza mtu "unaendeleaje" nitaambiwa salama, tunamshukuru Mungu, hata kidonda kikiwa kibaya, ndivyo tulivyolelewa. Basi nauliza nguo inashika kwenye mshono? Majimaji yana rangi gani? Umenunua antibiotiki dukani? Mama mmoja alinijibu salama kwa yote. Nikamuuliza shuka anafua lini, akanyamaza, kisha akasema kila asubuhi. Alikuwa anavuja usaha na hakutaka kusumbua mtu. Alirudi kliniki siku ileile.

Kwa hiyo mwambie mama: wakipiga, asiwaonee haya. Na akiona joto, usaha, macho kuwa ya njano au tumbo kuuma upya, asingoje simu ya siku ya 30. Aende hospitali iliyo karibu hukohuko Murang'a, na wewe umjulishe yule kijana.