Naomba ushauri: mbinu ya matukio muhimu katika utafiti wa kukabidhiana zamu

Muuguzi Mtafiti:
Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili ya uuguzi kuhusu makabidhiano ya zamu wodini, yaani ni mambo gani humsaidia au kumkwamisha muuguzi anayepokea wagonjwa kutoka kwa mwenzake. Nimechagua mbinu ya matukio muhimu, yaani kukusanya masimulizi ya matukio mahususi yaliyosaidia au kukwamisha kazi, lakini mahojiano ya majaribio yamenitia mashaka. Ninapomwomba mshiriki anisimulie tukio, hunieleza utaratibu: "Kwa kawaida tunapita kitanda hadi kitanda, ila tukiwa wachache mambo huharibika." Sikatai kwamba ni kweli, lakini hilo si tukio. Isitoshe, msimamizi wangu anaona washiriki kumi na wawili ni wachache mno. Je, nitafute mbinu nyingine?

Mwalimu wa Mbinu:
Ndugu, badilisha swali kwanza kabla ya kubadilisha mbinu. John Flanagan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeifafanua mbinu hii katika makala ya mwaka 1954, aliikuza kutokana na kazi yake katika jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambako ripoti za kuwaondoa wanafunzi wa urubani zilijaa kauli za jumla, kama vile kukosa kipaji cha kuruka au kutopiga hatua za kutosha, bila kusema mwanafunzi alifanya nini hasa. Kwake, tukio ni kitendo cha binadamu kinachoonekana, kilichokamilika kiasi cha kumwezesha mtu kukitolea hitimisho. Nalo huwa muhimu pale nia ya mtendaji inapoeleweka na matokeo yake yanapokuwa bayana.

Kwa hiyo usiulize, "Makabidhiano huwaje hapa?" Sema, "Kumbuka mara ya mwisho ulipopokea zamu, na yale uliyoambiwa, au usiyoambiwa, yakabadilisha namna ulivyomhudumia mgonjwa mmoja." Kisha fuatilia: nini kilitangulia, nani alisema nini, ulifanya nini, ikawaje. Mshiriki akijibu kwamba mawasiliano yalikuwa mabaya, usiandike "mawasiliano mabaya" ukaendelea na swali jingine. Muulize mwenzake alitamka maneno gani. Huenda akakuambia kuwa aliambiwa mgonjwa wa kitanda cha nne "yuko sawa", bila kutajiwa kwamba dozi ya jioni ya dawa ya kuzuia damu kuganda ilikuwa imesimamishwa kusubiri upasuaji, na kwamba aligundua hilo akiwa tayari ameshika sindano, alipoyaona maandishi ya daktari pembezoni mwa chati. Hapo umepata mazingira, kitendo na matokeo.

Mchambuzi:
Kuhusu idadi, mweleze msimamizi wako kwa heshima kwamba katika mbinu hii sampuli huhesabiwa kwa matukio, si kwa watu. Flanagan aliona kwamba kwa shughuli isiyo tata matukio 50 au 100 yanaweza kutosha, na akapendekeza kuendelea kukusanya hadi matukio 100 mapya yasipoongeza zaidi ya vitendo muhimu viwili au vitatu. Jeffrey Cooper na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1978 kuhusu ajali za dawa za usingizi zinazoweza kuzuilika, walipata matukio 359 kutokana na mahojiano 47. Washiriki wako kumi na wawili, kila mmoja akitoa matukio manne au matano, watakufikisha mahali pazuri. Ila onyesha katika jedwali kila mshiriki ametoa mangapi, maana msemaji mmoja hodari anaweza kuijaza tasnifu nzima kwa mtazamo wake peke yake.

Muuguzi Mtafiti:
Nawashukuru sana. Limebaki jambo moja linaloninyima usingizi: mshiriki akisimulia kosa lililomdhuru mgonjwa, nifanyeje? Na nitajuaje kwamba anakumbuka sawasawa?

Dada Maadili:
La kwanza huamuliwa kabla kinasa sauti hakijawashwa. Fomu ya ridhaa ieleze mipaka ya usiri, na itifaki uliyoipeleka kwenye kamati ya maadili iseme utamwarifu nani endapo utasikia hatari ambayo bado inaendelea. Mwombe mshiriki asitaje jina la mgonjwa wala la mwenzake. Hata hivyo, kuondoa majina hakutoshi, kwa sababu tukio la nadra hutambulika na kila aliyekuwa wodini siku hiyo; itakubidi ubadilishe au uache baadhi ya maelezo unapoandika. Anza pia na tukio lililokwenda vizuri, ili mshiriki asijione yuko mbele ya baraza la nidhamu.

Kuhusu kumbukumbu, Flanagan alichukulia kwamba masimulizi yenye maelezo kamili na mahususi yanaaminika zaidi kuliko yaliyo hafifu. Mimi namkubalia nusu tu, kwani mtu anayejua mgonjwa aliishia vipi huyapanga upya yaliyotangulia bila kukusudia. Omba matukio ya miezi ya karibuni, na umuulize mshiriki alijua nini wakati ule, kabla matokeo hayajaonekana. Aliyoyajua wakati ule na aliyoyajua baada ya matokeo yaandike katika safu mbili tofauti unaposimba, yaani unapoyapanga majibu katika makundi ya maana.